Mbeleko ya Anjelina

Mlali, Kongwa
9 Machi 2025

Kwako Nathanaeli kichwa kibuyu, mtoto wa mjomba,

Nakuamkia mbukwa, we fisi wa mjini. Hujambo? Mimi sijali kama hujambo, ila mama yangu, ambaye ni shangazi yako, amesimama nyuma yangu anahakikisha nimeuliza. Sisi wazima. Mvua imekatika mapema, mahindi yamejikunja kama vidole vya mzee, alizeti ndiyo inajitahidi. Anjelina hajambo, ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anatemea mate kila mtu kupitia pengo.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya hapa ni ya mama, na akiipokea anaweka sauti ya juu mpaka majirani wanakujibu wao. Halafu tusi la simu linapita na upepo. La karatasi utalikuta mezani kila asubuhi. Jirani yetu Paskazia anakuja huko Kizota kukamua alizeti, ndiye atakayekuletea, na jibu lako atarudi nalo.

Sasa sikiliza. Lydia alikuja. Namsema Lydia dada yake Batholomeo, yule anayetembea kama ardhi yote wengine wameiazima kwake na yeye ndiye mwenyewe. Kakaa, kanywa uji wetu, kaacha nusu. Akasema, "Wifi, tumeona Anjelina akae na baba yake Chang'ombe. Kule kuna shule, huku kuna mavumbi." Huyo baba ndiye Batholomeo aliyeniacha mtoto akiwa hajaanza kukaa, hajawahi hata kuuliza anavaa kiatu namba ngapi. Leo ana mke mjini, ana mtoto mchanga, ndiyo ameona mavumbi.

Halafu Lydia akatoa zawadi kwenye mkoba. Nikadhani daftari, nikadhani gauni. Ni mbeleko, Nathanaeli. Mbeleko nzuri ya maua mekundu, imekatwa kimo cha mtoto. Mtoto wa miaka sita! Nikamwangalia, akaniangalia, nikasema asante kwa sababu ni wifi yangu na heshima imenifunga mdomo.

Wanataka kikao baada ya mavuno. Baba yangu alishazikwa, kaka sina. Mimi mbele ya wakwe siwezi kupaza sauti, na mama vilevile. Lakini mtani hafungwi na mtu. Mtani anaingia bila hodi, anakaa anapotaka, anasema lisilosemeka, na aliyesemwa akikasirika yeye ndiye mjinga. Wewe ndiye mtani wa nyumba hii, kwa bahati mbaya yetu. Tena unasomea hiyo sheria yako. Uje. Nisipokuwa na mtu wa kunisemea, wataondoka na mtoto wangu wakinisifu adabu.

Mtoto wa shangazi yako,
Priska


Hosteli, Dodoma
23 Machi 2025

Kwako Priska, miguu ya korongo, mtoto wa shangazi,

Barua yako nimeipata. Ilikuwa na harufu ya moshi na mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino, lakini nimeisoma kwa huruma. Mwambie shangazi shikamoo. Wewe sikuamkii, sina pumzi ya kupoteza kwa mtu kama wewe. Mimi mzima, joto tu na wali maharage kila siku, mpaka ndotoni naota maharage.

Umeandika "hiyo sheria yako." Nimekwambia mara ngapi, we kichwa mchanga? Sisomei uwakili. Ninasoma Sheria na Jamii. Tunachukua sheria kidogo, sosholojia kidogo, siasa, historia, uchumi, tunavichanganya. Tunauliza sheria inatoka wapi, nani aliitunga, inamfikia nani na inamruka nani. Juzi mwalimu katufundisha hata utani! Anauita chombo cha kusuluhisha migogoro. Nilitaka nisimame niseme, "Mwalimu, chombo hicho ninacho nyumbani, kina miguu ya korongo."

Haya, ya maana. Sheria ya ndoa inasema mtoto aliye chini ya miaka saba, kwa kawaida huonekana ni heri akae na mama yake. Nimesema kwa kawaida, maana hakimu anaweza kuona vingine kwa sababu zake. Anjelina anatimiza saba lini? Agosti? Ndiyo maana wamekurupuka sasa, wanataka mazoea yawatangulie.

Nitakuja. Nitawapaka majivu wote. Lydia nitamuuliza mbele ya watu kama ule mkoba alizaliwa nao. Batholomeo ndiye sijui nimseme nini, maana mtu hawezi kutukana uvumbi. Wewe kaa kimya kama ulivyozoea unapokuwa huna akili, mimi nitasema.

Mtani wako na mkubwa wako kwa kila kitu,
Nathanaeli


Mlali
20 Aprili 2025, Pasaka

Kwako mkia wa mbuzi,

Bwana Yesu amefufuka, hata kwa ajili yako, jambo linalonishangaza. Hujambo? Maharage hayajambo?

Nimekuita mkia wa mbuzi na nitakueleza kwa nini. Wenzako wanasoma sheria wawe mawakili. Wengine wanasoma ustawi wa jamii wakae ofisini kwenye feni. Wewe umekaa katikati, kama mkia wa mbuzi: haufichi haja wala haufukuzi nzi. Kanisani mama mchungaji kaniuliza, "Binamu yako anasoma nini?" Nikamwambia. Akasema, "Akimaliza anakuwa nani?" Nikasema, "Anakuwa Nathanaeli tena, ila mwenye tai."

Lakini nitakwambia kitu, usivimbe kichwa, kikubwa kinatosha. Ile barua yako niliisoma jikoni mpaka uji ukaungua. Ile ya nani aliitunga sheria na inamruka nani. Mimi niliishia kidato cha pili na tumbo, nikadhani sheria ni kama mvua, inanyesha tu, unalowa. Kumbe kuna mtu huitunga! Nimemwambia Anjelina, nawe siku moja utasoma hiyo Sheria na Jamii, ila wewe utaisoma ukiwa na akili. Kama una kitabu kilichochakaa nipe, nikisome polepole. Ninaweza.

Babu Mazengo, baba yake Batholomeo, alipita kutusalimia Pasaka. Yule mzee ndiye mtu pekee katika ukoo ule. Anamwita Anjelina "mke wangu" na Anjelina anamtukana anavyotaka, haki yao ya mjukuu na babu. Leo kamwambia, "Mume gani hana meno, utanitafunia nini mimi?" Mzee kacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema, "Nawe huna, basi tumelingana." Yeye anaamini kabisa ni habari ya shule. Mimi siwezi kumwambia mkwe wangu kwamba wanawe ni waongo.

Na ile mbeleko Anjelina anaifunga kila siku. Anambeba paka.

Mtoto wa shangazi yako, ambaye bado anakungoja kwa ujinga wake,
Priska


Dodoma
8 Juni 2025

Ndugu Priska,

Salamu nyingi. Ni matumaini yangu kwamba wewe, shangazi na mtoto mnaendelea vizuri. Mimi pia naendelea vizuri. Samahani kwa kuchelewa kujibu, nilikuwa na mitihani.

Napenda kukujulisha kwamba nimepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja hapa mjini. Ndugu Eliakimu ndiye aliyenisaidia, na nafahamu kwamba yeye ni kaka yake Batholomeo. Tumezungumza naye kwa kirefu. Ni mtu mwelewa sana.

Kuhusu kikao, ambacho ameniarifu kitafanyika tarehe tano Julai, nitahudhuria. Hata hivyo nimetafakari na naona ni vyema nisiegemee upande wowote. Katika masuala ya mtoto ni muhimu pande zote zisikilizwe kwa utulivu, na jazba haisaidii. Ningeshauri nawe ujiandae kisaikolojia kupokea maamuzi yoyote.

Nakutakia siku njema.

Wako,
Nathanaeli


Mlali
15 Juni 2025

Nathanaeli,

Umeniita ndugu. Nimegeuza karatasi nikadhani tusi umeliandika nyuma. Nimempa mama asome, kaisoma, akaikunja, akasema, "Huyu mtoto ameugua?"

Tangu tukiwa tunachunga ndama hujawahi kunisalimia bila kunitukana. Hata siku nilipokataliwa shule kwa ajili ya mimba, wote walinihurumia kwa sauti ya msibani, wewe ulikuja ukasema, "Sasa hilo tumbo nalo litafanya mtihani?" Nikacheka, nikala. Siku ile ndiyo nilijua nitaishi.

Sasa unaniandikia kama afisa mtendaji. Nitukane upesi kabla sijaamini.

Mtoto wa shangazi yako,
Priska


Mlali
6 Julai 2025

Kwako mheshimiwa wa mafunzo kwa vitendo,

Sikuulizi hali. Jana nimeiona mwenyewe, ni nzuri, ina koti.

Uliondoka na gari la Eliakimu kabla ya chakula, kwa hiyo nakusimulia yaliyofuata. Lakini kwanza nikukumbushe uliyoyafanya, kwa maana nadhani ulikuwa hujiangalii.

Ulibisha hodi. Wewe! Mlango ule uliouingia ukiwa uchi na mafua, ulibisha hodi, ukangoja ukaribishwe. Ukamwamkia Lydia shikamoo, Lydia aliyekuzidi miezi. Naye akaitikia marahaba kama askofu. Ukakaa upande wa Eliakimu, ukafungua bahasha, ukasema, "Maslahi ya mtoto yatazamwe kwa mapana." Mapana! Anjelina kwa mapana ni viganja vitatu, ningekupimia.

Ukasema, mjini kuna fursa. Ukasema, mila zinabadilika. Ukasema, mama anaweza kumtembelea. Sauti yako ilikuwa laini kama mlenda, na kila uliposema Eliakimu alitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu anayemwonyesha jirani mbwa wake aliyejifunza kukaa. Nilikuwa chini kwenye mkeka, nakutazama viatu. Nilingoja. Nilisema moyoni, sasa hivi atageuka, sasa hivi atamuuliza Lydia habari ya mkoba. Hukugeuka. Hata mbeleko hukuitaja, na nilikuandikia kwa mkono wangu.

Mkasema basi, limeisha, mtoto atafuatwa Jumatatu. Eliakimu akakuwahisha mjini kwenye kazi zenu kubwa. Wakabaki Babu Mazengo, Lydia na Batholomeo kungoja kuku. Batholomeo alikuwa anasugua kioo cha simu kama anataka kitoe jini.

Ndipo Anjelina akatoka jikoni amefunga ile mbeleko mgongoni, tupu.

Babu Mazengo hajui kunyamaza akimwona. Akamwambia, "Mke wangu, mbona umefunga nguo kama mzazi? Umejifungua bila kunipa habari?"

"Ya kubebea mtoto," Anjelina akasema. "Shangazi Lydia kanipa."

"Mtoto gani tena?"

"Mtoto wa baba wa kule mjini. Shangazi kasema nikizoea kubeba paka nitaweza na mtoto. Mama yake akienda kazini mimi nabaki naye."

Lydia akacheka kile kicheko cha puani. "Watoto bwana, wanatunga maneno."

Anjelina akamgeukia mumewe, mikono kiunoni. "Na wewe mume gani? Mkeo anapelekwa kuwa yaya, wewe umekaa unanusa kuku! Wewe ni mume au kisiki?" Akageuza mgongo, akachuchumaa. "Haya panda. Nianze kukubeba wewe, ndiye mtoto usiye na meno."

Mama yangu alijiziba mdomo na kanga. Mzee alicheka, Nathanaeli, alicheka akakohoa, akajipiga goti. Na wewe unajua kama ninavyojua, mjukuu akimtukana babu hivyo hakuna wa kumfinya, mzee ni lazima ajibu.

Halafu akaacha kucheka. Akamtazama mwanawe, akamtazama binti yake.

"Lydia. Mliniambia shule."

"Ndiyo baba, ni shule, ila na—"

"Shule inabebwa mgongoni?"

Lydia akaufunga mkoba wake, akaupakata.

"Batholomeo, weka hicho kidude chini. Mtoto wako mchanga ana mama?"

"Anaye, baba."

"Ana baba?"

Batholomeo akatazama kidude chake kule chini.

"Basi mleeni nyie. Mke wangu hahami. Mtu akitaka kumwona aje kwa miguu yake, mlango huu sijauona ukifungwa." Akamwambia Anjelina, "Nimekosa, mama. Kisiki kimekosa." Akamkalisha karibu yake, akampa paja la kuku lililokuwa lake.

Usije ukasema nilimfundisha. Sikumfundisha. Alimtukana mumewe, basi, kama ilivyo haki yake. Hana digrii wala meno.

Wewe ulikuwa navyo vyote, na haki, na mdomo. Ulikuja umeviacha nyumbani, ukaniletea adabu.

Priska


Dodoma
27 Julai 2025

Ndugu Priska,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Nimefurahi sana kusikia kwamba suala la mtoto limefikia muafaka.

Samahani kama mchango wangu siku ile haukueleweka vizuri. Nilikuwa katika nafasi ngumu.

Nimemsimulia mwalimu wangu tukio hilo na amependezwa mno. Anasema ni mfano wa pekee wa nafasi ya utani katika usuluhishi wa migogoro ya kifamilia, na ameshauri niufanye kuwa utafiti wangu wa kumalizia masomo. Ningependa kuomba ridhaa yako. Majina yatafichwa, wewe utaitwa Mama A. Ningependa pia kujua: je, siku ile utani ulitambuliwa na pande zote?

Nitashukuru kwa ushirikiano wako.

Wako,
Nathanaeli


Mlali
3 Agosti 2025

Ndugu Nathanaeli,

Salamu. Nimepokea barua yako na ninashukuru.

Mimi ni mzima, mama ni mzima, mtoto ni mzima.

Kuhusu ombi lako, unaweza kuandika. Utani ulitambuliwa na pande zote isipokuwa mtu mmoja.

Ninakutakia masomo mema na afya njema.

Priska


Dodoma
31 Agosti 2025

Priska,

Paskazia alinipa barua yako pale Kizota kwenye mashine, nikaifungua nimesimama, nikitabasamu kabisa, nimejiandaa kupigwa. Nimeisoma. Nimetafuta tusi ndani, nimetafuta kwenye bahasha. Hakuna. Umenitakia afya njema.

Paskazia kaniuliza, "Kuna msiba?"

Sasa ninajua nilichokufanyia mwezi wa sita, maana nimekionja. Nilikuwa naogopa. Eliakimu alikuwa ameniambia kwa upole, mkono begani, "Kijana, watu wanaofika mbali wanajua kunyamaza." Nikaona ni hekima. Nikakuandikia kwa adabu ili usinijue, nikaja na koti ili mimi mwenyewe nisijijue. Mpaka leo sijui kama nilikuwa nafika mbali au nakwenda mbali tu.

Utafiti sijauandika. Kila nikianza "utani ni," naishia hapo. Ninakuona chini kwenye mkeka unanitazama viatu. Nilikuona, Priska. Usidhani sikukuona.

Siombi unisamehe, msamaha ni wa watu wasiofahamiana. Nitukane. Hata tusi moja, hata lile la zamani la kibuyu. Mtu asiyetukanwa na mtoto wa shangazi yake huyo hana kwao.

Mtoto wa mjomba wako, kama bado yupo,
Nathanaeli


Mlali
14 Septemba 2025

Mbukwa,

Mama alikataa nikae bila kukujibu. Mimi nilikataa kukujibu. Tumekaa hivyo wiki mbili, anapika kwa kelele, ninafagia kwa kelele, mpaka Anjelina akasema, "Kwani Mjomba Nathanaeli amekufa?" Nikamwambia, "Hapana, ana tai." Akasema, "Basi mfungulieni."

Haya. Alizeti tumevuna, si nyingi. Anjelina ametimiza saba, Babu Mazengo kamletea jogoo na kusema ni posa. Januari anaanza darasa la kwanza hapa hapa kwenye mavumbi yetu. Mama mchungaji kanipa kitabu cha uraia kilicholiwa na panya, nasoma sehemu walizobakiza.

Uje Jumapili. Usibishe hodi. Koti uliache huko, na ile sauti ya mlenda uirudishe kwa aliyekuazima. Na kitabu nilichokuomba Pasaka ulete, usidhani nimesahau, we chawa mwenye digrii.

Ile mbeleko Anjelina ameitupa, anasema mume wake kamkataza kazi. Nimeifua, nimeikunja, nimeiweka. Ni ndogo, lakini nitaiunga na kanga ya mama. Ukifika nikubebe wewe nayo, kichwa kibuyu, maana miaka yote hiyo chuoni na bado hujajua kutembea.

Mtoto wa shangazi yako,
Miguu ya Korongo